Mizizi Minne

Tabita alipofika mahali pale na kukuta hamna kitu, jina lililomtoka mdomoni halikuwa la Mungu. Lilikuwa la mkwe wake.

"Tusekile," alisema, peke yake, mbele ya mwamba.

Hakulitaja kwa chuki, au ndivyo alivyojiambia. Alilitaja kwa hesabu. Mahali penyewe, chini ya mwamba mrefu upande wa mlima usioonekana kutoka kijijini, palijulikana na watu wawili tu. Yeye alionyeshwa na mama mkwe wake, mwaka wa pili wa ndoa, akitembezwa nyuma bila kusema neno, na akaonywa kwamba hata mumewe asimwambie. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba hiyo: mama humwonyesha mke wa mwanawe, basi. Binti wa kumzaa haonyeshwi, maana ataolewa aende na siri kwa watu. Naye Tabita, miaka mitatu iliyopita, alimleta Tusekile, mke wa mwanawe Gibson, kwa njia ileile na kwa maonyo yaleyale. Wanaume wa ukoo ule walikunywa dawa ya mzizi mchungu tangu utotoni, wakakua, wakazeeka, wakazikwa, bila kujua inachimbwa wapi.

Akatafuta mwizi mwingine, kwa kuwa alitaka kuonekana mtu wa haki hata pale ambapo hapakuwa na wa kumwona. Akawafikiria wachimba chikanda, wale wanaofukua viazi vya maua ya porini kwenda kuwauzia Wazambia Tunduma. Lakini wachimba chikanda wanapita kwenye nyasi, hawapandi mawe, na wakishachimba wanaacha mashimo wazi kama nguruwe. Hapa ardhi ilikuwa imefunikwa. Ile ngozi ya kijani inayoota juu ya mawe mabichi ilikuwa imerudishwa mahali pake vizuri, na chini yake, alipoifunua kwa vidole, hakukuwa na mzizi hata mmoja. Aliyefunika namna hii alikuwa amefundishwa.

Halafu akaona shimo moja bichi, pembeni, lililofunikwa ovyo. Kando yake kulikuwa na alama ya kandambili, ndogo, ya mguu wa mwanamke. Tabita alikuwa amevaa raba za Gibson za zamani. Hakutazama tena kitu kingine. Alishuka mlima, kikapu kitupu kikimgonga mgongoni, na hadi anafika kwenye mibuni yao alikuwa amekwisha kumhukumu mtu.

&nbsp;

Tusekile alikuwa uani anaanika mahindi, mtoto wake Gwantwa akiwa amekaa juu ya gunia. Alikuwa Mndali wa Ileje, mrefu, mpole wa maneno, mpole kiasi ambacho Tabita, tangu siku ya kwanza, hakukipenda sana. Mtu asiyegomba, alikuwa akimwambia jirani yake Frida, huwezi kujua ana nini tumboni.

"Pole na mlima, mama. Mbona umerudi mapema? Mzizi umepatikana?"

"Kwani wewe unadhani umepatikana?"

Tusekile akainama kuokota punje zilizomwagika. Zilikuwa punje tatu, nne. Alikaa ameinama muda ambao ungetosha kuokota debe zima.

"Sijui, mama," alisema.

Tangu hapo Tabita akawa na kazi mpya. Alikuwa anamchunga. Akaona kwamba kwenye kamba ya nguo kunanukia sabuni ambayo mumewe Osea hakuinunua, kwa sababu Osea alinunua mche mmoja wa sabuni kwa mwezi, akaukata kwa uzi, na kugawa vipande. Akasikia kwamba simu ikilia Tusekile anakwenda nyuma ya choo, na huko anazungumza Kindali, harakaharaka. Tabita hakujua Kindali zaidi ya salamu. Alisimama akijifanya anachambua mboga, akadaka neno moja, "Boazi," na Boazi alikuwa kaka yake Tusekile, dalali wa Tunduma, mtu anayeshinda mpakani akiwaunganisha wenye mali na wenye hela. Hapo Tabita angeweza kuuliza. Hakuuliza. Mtu ukimwuliza anakujibu, na yeye alikuwa bado hajataka jibu, alitaka ushahidi.

Ushahidi uliletwa na Frida, akiwa na beseni la nyanya kichwani.

"Mkweo hajambo? Siku hizi ni mtu wa safari."

"Safari gani?"

"Haa, hujui? Basi niache." Frida akatua beseni, maana hakuwa na nia yoyote ya kuacha. "Mwanzoni mwa mwezi huu, siku ile ulisema amempeleka mtoto kliniki Mlowo. Mimi nilikuwa Tunduma kuuza mzigo. Nilimwona na macho yangu haya, yuko na mama mmoja wa Kizambia pale kwenye maduka ya dawa za kienyeji. Yule mama ananusa kitu. Ananusa, anatikisa kichwa, ananusa tena."

"Una hakika ni Tusekile?"

"Mama Gibson, mtoto yuko mgongoni! Hivi mgongo ule na mtoto yule nitawafananisha na nani?"

Tabita akamshukuru. Akanunua nyanya ambazo hakuwa anazihitaji.

&nbsp;

Asubuhi ya Alhamisi, Tusekile alipokwenda kisimani, Tabita aliingia chumbani kwa mwanawe na kuuvuta mkoba wa mkwe wake kutoka chini ya kitanda. Gwantwa alikuwa mlangoni, kidole mdomoni, akimtazama bibi yake akitoa nguo za mama yake moja moja: khanga, sketi, nguo za ndani zilizoshonwa mara mbili mbili, pakiti ya taulo za kike iliyobaki nusu. Tabita aliona haya, kisha akaikasirikia ile haya kwa kumchelewesha. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Alikifungua. Hakikuwa na mzizi, kilikuwa na vumbi la maganda tu, lakini harufu ile, chungu, inayopanda hadi nyuma ya macho, angeitambua hata akiwa usingizini.

Tusekile alimkuta palepale, amepiga magoti katikati ya nguo zake. Ndoo ya maji ilikuwa bado kichwani.

"Hii ni nini?" Tabita akauliza.

Tusekile akaishusha ndoo taratibu. Akaziangalia nguo zake za ndani sakafuni, akamwangalia mwanawe.

"Ungeniuliza, mama. Ningekwambia."

"Sasa nakuuliza."

"Sasa umeshapekua." Akaanza kukusanya nguo. "Nitasema Gibson akija. Siwezi kusema mara mbili."

Jioni hiyohiyo Osea akapiga simu Tunduma. Alimwambia Gibson aache kupakia malori ya watu, aje Jumapili, kwa kuwa nyumbani kwake kuna mwizi. Akamwita na kaka yake Jastin, mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa, mtu ambaye kila shauri alilolikalia liliisha siku hiyohiyo. Osea hakuwa mtu mbaya. Lakini mzizi ule ulikuwa sifa ya nyumba yake. Watu walitoka Mlowo, walitoka hata kule bondeni Ivuna, wanakuja kuulizia dawa ya kifua kwa Osea, kana kwamba yeye ndiye aliyeumba mlima.

"Kama ni kweli," alimwambia Tabita, "anarudi kwao. Siwezi kuishi na mtu anayeniuza."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa hapa."

Tabita akasikia raha kidogo, ile raha ya mtu aliyeambiwa hakukosea. Ilimchukua muda kugundua kwamba chini ya ile raha kulikuwa na kitu kingine kinachomkereketa. Mke mwingine wa Gibson angetoka wapi? Angekuwa mtu gani? Na huyo naye angepelekwa mlimani kuonyeshwa nini?

&nbsp;

Jumamosi alipanda tena. Alijua Jastin ataulizia idadi, na alitaka kwenda kikaoni na idadi kamili ya mashimo.

Safari hii hakuwa na haraka, na jicho lisilo na haraka linaona mengine. Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni ukimya. Maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mwamba tangu alipoonyeshwa mahali pale hayakusikika. Akaweka kiganja juu ya jiwe: kavu, na lina joto. Ile ngozi ya kijani, alipoikanyaga, ililia kama majani ya mgomba yaliyokauka. Alikumbuka kwamba zamani mwezi kama huu mtu alipanda huku akiwa amejitanda blanketi, ukungu ukimlowesha nyusi. Sasa alikuwa anatokwa jasho.

Akahesabu mashimo mabichi. Moja, lile la kandambili. La pili, la tatu. La nne lilikuwa karibu na jiwe, limefunikwa kwa woga. Akazunguka mahali pote, akapiga magoti, akafunua. La tano hakuliona.

Mengine yote yalikuwa ya zamani. Yalikuwa yamefunikwa kwa ustadi, kingo zimebanwa kwa kisigino cha mkono, jiwe dogo likawekwa juu ya kila moja. Tabita alilitazama lile jiwe dogo kwa muda mrefu. Tusekile hakuwahi kufundishwa kuweka jiwe. Hilo Tabita alikuwa amemficha kwa makusudi, akisema moyoni ngoja kwanza nimwone tabia yake. Mashimo haya yote yalikuwa yake mwenyewe.

Akakaa chini. Mahali pale marehemu mama mkwe alipagawanya mafungu matano. Kila mwaka unachimba fungu moja, na mwaka wa sita ukirudi kwenye la kwanza unakuta limejaa tena. Mwaka huu ulikuwa wa kurudi la kwanza. Mafungu yote matano yalikuwa tupu. Ile mizizi michache iliyoachwa kila mara kwa ajili ya kizazi ilikuwa imesimama imekauka, mashina meusi, yanavunjika ukiyagusa.

Kwa nini halikujaa? Alichimba kama alivyofundishwa. Alikwenda wakati ule aliofundishwa, wiki ya kumaliza kuchuma kahawa, siyo kabla, siyo baada. Na kabla ya kuingiza jembe alikishika kichwa cha kila mmea, akakitikisa mara tatu, mbegu zimwagike, kama alivyofundishwa.

Mkono wake ulikumbuka kabla yake. Zamani vile vichwa vilikuwa vikitikiswa vinalia, chakacha chakacha, na mbegu nyeusi zinaruka hadi kwenye mikunjo ya khanga. Ni lini mara ya mwisho alisikia mlio ule? Mwaka jana havikulia. Mwaka juzi pia. Vilikuwa laini, vya kijani, na yeye alivitikisa mara tatu, hakikudondoka kitu, akachimba. Alijiambia mbegu ni ndogo, na macho yamezeeka. Kahawa iliyokuwa ikimalizika Septemba, sasa inaivishwa na jua yote kwa pamoja na Julai imekwisha. Na ukungu uliokuwa ukianza Mei sasa unachelewa, na mzizi nao unachelewa kuchanua kwa kuungoja. Yeye alikuwa anafuata kahawa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa tano, alikuwa anang'oa mimba.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, ni yule."

Akapanda juu zaidi, kwa hasira, akishika mizizi ya miti, akitafuta shimo la tano kama mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea. Kwenye ufa mmoja wa mwamba, karibu na kilele, pale ukungu unapogusa bado, aliikuta mimea minane. Upepo au ndege ndiye aliyeipanda. Ilikuwa na maua. Maua, mwisho wa Julai! Mbegu zake zingekuwa tayari Oktoba, pengine Novemba. Na juu ya ule ufa hapakuwa na mlima tena, palikuwa na mbingu.

&nbsp;

"Mashimo mangapi?" Osea alimwuliza alipoingia.

Hapo ndipo angesema. Alikuwa amejipanga njiani kusema. Lakini Osea alikuwa amekaa na kitabu chake cha nyimbo anajiandaa kwa ibada ya kesho, uso umetulia, uso wa mtu anayemwamini mkewe miaka thelathini na nne.

"Manne," alisema Tabita.

"Manne tu?"

"Niliyoyaona."

Akaenda jikoni akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

&nbsp;

Jumapili, baada ya kanisa, kikao kilikaa sebuleni. Jastin kwenye kochi kubwa, Osea pembeni yake, Gibson kwenye stuli akiwa na shati la Tunduma na macho mekundu ya kutolala. Kuku alikuwa amechinjwa. Aliyempika ni Tusekile, pamoja na wali na mboga, kwa kuwa wageni ni wageni na hakuna mwingine wa kupika. Alikwisha kuwanawisha mikono mmoja mmoja, amepiga goti, kisha akaambiwa akae mkekani ahukumiwe. Tabita aliketi karibu na mlango wa jikoni.

"Mwanangu," Jastin alianza, "sisi hatupendi maneno mengi. Mzizi wa nyumba hii umeisha. Mama yako amekuta harufu kwenye mkoba wako. Ulionwa Tunduma. Sema mwenyewe."

"Niliuza, baba mkubwa."

Gibson akashika kichwa. Osea akamgeukia Tabita, akatikisa kichwa polepole, kama anayesema ulikuwa sahihi.

"Nani alikutuma? Ni huyo kaka yako?"

"Boazi alinionyesha tu mama wa kununua. Sikumwambia unatoka wapi."

"Uliuza mingapi?"

"Minne."

Jastin akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Minne. Mlima mzima umeisha, wewe umeuza minne."

"Ni minne, baba mkubwa. Nilikwenda mara moja. Nilikuta imebaki michache, mingine imekauka, nikaogopa. Nilitaka kumwambia mama. Nikashindwa nitaanzaje kumwambia kwamba nimeona, wakati sikutakiwa kuwa kule."

"Na hela uliifanyia nini?"

Tusekile akamwangalia mumewe, akamwangalia baba mkwe wake, akayateremsha macho hadi kwenye mkeka.

"Jibu," alisema Gibson. "Usiniaibishe."

"Hujaleta kitu tangu Pasaka," alisema Tusekile, na sauti haikupanda hata kidogo. "Nilinunua sabuni. Nilinunua na vitu vya mwanamke, vya kila mwezi. Nimuombe nani? Nimuombe baba? Nikiomba sabuni ananiambia mume wako yupo. Sasa vile vingine ningeviomba namna gani?"

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Osea aliokota kijiti cha meno akakigeuzageuza. Tabita aliikumbuka ile pakiti iliyobaki nusu, sakafuni, na mtoto mlangoni, akahisi uso unamchoma.

Jastin akakohoa, akairudisha shughuli mahali alipoizoea. "Shida kila mtu anayo. Mwizi hahesabiwi kwa shida zake. Amekiri, tusipoteze muda. Gibson, kesho utampeleka kwao Ileje, uwaambie tulichokiona. Mtoto atabaki na bibi yake. Mkitaka kurudiana, waje wazee wake tuzungumze. Kuna mwenye neno?"

Gibson hakuwa na neno. Osea hakuwa na neno. Tusekile aliinuka, akayakusanya masahani ya watu waliomfukuza, akayapanga moja juu ya jingine ili akayaoshe kwanza, maana hata hilo lilikuwa limebaki kuwa lake. Alipofika mlangoni kwa Tabita alisimama, akisubiri apishwe.

Tabita hakumpisha.

"Mimi nina neno," alisema.

"Umeshasema, mama Gibson. Sisi tumekusikia," alisema Jastin.

"Sijasema. Nilisema mashimo manne, nikanyamaza." Akasimama. Akajiegemeza kwenye fremu ya mlango. "Aliyoyachimba huyu ni manne, amesema kweli. Yale mengine yote nimechimba mimi. Miaka mitano. Nilikuwa natikisa vichwa vibichi. Havilii, na mimi nachimba. Nilijua havilii."

"Unasema nini wewe?" Osea aliuliza.

"Nasema mzizi haukuibwa. Nimeuua mimi. Jua limebadilika, kahawa inawahi, ukungu unachelewa, maji ya mwambani yamekatika, na mimi naendelea kwenda siku ileile kama kipofu. Niliyaona yote jana. Nimekuja hapa nikakaa, nikamwacha akapika, nikamwacha mnamfukuza."

"Mama Gibson, kaa chini. Umechoka," alisema Osea kwa upole wa kuogopesha.

"Sijachoka."

Jastin akamtazama ndugu yake, akamtazama Tabita. Alikuwa mtu wa kumaliza mashauri, na hapa aliletewa mshtakiwa ambaye hawezi kufukuzwa na mwingine ambaye hawezi kuitwa kikaoni. "Kwa hiyo mwizi ni jua?" aliuliza. "Tuliite jua hapa mkekani?"

Gibson alicheka. Alicheka peke yake, akaacha.

"Mtoto wa watu haendi popote," alisema Tabita. "Akienda, mimi nitasimama kanisani Jumapili ijayo niyaseme haya mbele ya watu wote."

Hilo ndilo lililofanya kazi. Siyo maji wala ukungu, ni kanisa. Jastin akavaa kofia yake akasema basi, shauri la mizizi ni la wanawake, limalizwe na wanawake, na akaomba afungiwe lile paja la kuku lililobaki. Tusekile akamfungia.

&nbsp;

Baada ya wiki mbili nyumba ilionekana imepona. Gibson alirudi Tunduma akiwa ameacha hela kidogo mkononi mwa mkewe, mbele ya watu. Osea, bila kusema lolote, aliweka mche mzima wa sabuni bafuni, usiokatwa. Watu wa kifua waliendelea kuja, na Tabita aliwaambia dawa imekwisha, nendeni hospitali. Wengine waliondoka wakiamini ameificha kwa ajili ya mtu fulani.

Tusekile alifanya kazi zake zote. Aliamka mapema, alisalimia kwa goti, alipika, alifua. Hakukuwa na kosa la kumnyooshea kidole, na Tabita, ambaye sasa alikuwa anatafuta hata chembe ya ugomvi ili apate pa kuanzia kuomba msamaha, hakuipata. Hatimaye alimfuata kwenye karo la kufulia, akakaa juu ya jiwe.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Siku ileile."

"Kweli?"

"Kweli. Ulisimama. Mama yangu mwenyewe sijui kama angesimama."

Tabita akashusha pumzi ambayo aliibeba tangu mlimani. Akasogea karibu, akapunguza sauti, kama alivyopunguza mama mkwe wake zamani.

"Basi sikiliza. Kule juu, karibu na kilele, kuna ufa. Nimeona minane, ina maua. Tukiisubiri mpaka Oktoba ilie, tukazichukua mbegu, tukazitia humohumo kwenye nyufa za baridi, pengine haitapotea. Mimi miguu yangu imebakiza miaka mitatu, minne ya kupanda kule. Twende kesho nikuonyeshe. Na nitakuonyesha namna ya kuweka jiwe, hilo nilikuficha."

Tusekile aliacha kufua. Povu lilikuwa limemfika viwikoni.

"Hapana, mama."

"Kesho huna nafasi?"

"Hata keshokutwa. Usinionyeshe."

"Tusekile, si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini ile minane, mwaka huu jua litakausha miwili. Mwaka kesho nyani atang'oa mmoja. Utapanda, utakuta mitano, utashuka. Na ukishuka utaniangalia." Alisema bila hasira, akitafuta maneno yasiyomvunjia mkubwa heshima. "Hutataka kuniangalia, mama, najua. Lakini utaniangalia. Nami nitakuwa naanika mahindi."

Tabita alifungua kinywa kukataa, kuapa, kumtaja Mungu. Akajikuta anajiuliza, hapohapo, bila kupenda, kama mkwe wake hajakwisha kupanda hadi kwenye ule ufa. Maana amejuaje kwamba kule juu kuna nyani? Akalifukuza wazo lile. Lakini lilikuwa limeshapita usoni, na Tusekile alikuwa ameliona.

"Umeona?" alisema Tusekile, karibu kwa huruma.

"Nikifa je?" Tabita aliuliza. "Nani atajua?"

Tusekile akaikamua khanga ya mama mkwe wake, akaikung'uta, akaitundika kambani na kuinyoosha kwa viganja.

"Ukifa nitakulilia, mama. Nitakulilia sana. Lakini huko juu mimi sipajui."